Kitasa Kilichotiwa Mafuta

Fundi vitasa alishawabadilishia majirani wote, ila kitasa chake hakukibadilisha tangu binti yake alipomtukana akaondoka. Walimcheka, mganga hajigangi. Yeye kila Jumapili akitoka kanisani hukitia mafuta.

"Kaka, kibadilishe," dada yake alimwonya. "Atarudi akukombe kila kitu."

"Ufunguo nilimpa, sikumwazima."

Jioni hii, akila peke yake, alisikia ufunguo ukizunguka bila kukwama. Mlango haukusukumwa.

Mkono wake ukafika kwenye kishikio, akaurudisha. Siku ile alimzuia kwa nguvu, akampoteza.

"Bwana, nisimvute," alinong'ona.

"Baba," sauti ikasema nje, "hunifungulii?"

"Mlango umeshafunguka, mama. Kuingia ni hiari yako."

Kishikio kikashuka nusu, kikatulia.