Ukuta wa Kaa

Paliondokea Kaa mmoja, mpenda sifa, ndani ya tangi la kioo lenye maji ya bahari. Akapanga mawe yote yawe ukuta, na matundu, kwa kuyaonea aibu, akayaziba.

"Shemeji, sasa sisi tunaingilia wapi?" Kamba, jirani yake mle tangini, akamuuliza.

"Kuingia? Huu ni wa kutazamwa!"

Kamba akahamia nyuma ya bomba. Kaa akabaki kushangaa: mbona hakuna anayemsifu?

Siku ya kujivua gamba ikamfikia. Mwili teketeke, akauzunguka ukuta akitafuta tundu, akajikuta pale pale alipoanzia, asielewe. Ndipo akatokea Chewa, samaki mla kaa, akautazama ukuta juu mpaka chini.

"Hongera, fundi," akasema. "Kazi safi. Hakuna hata pa kujificha."