Zizi Lililoitwa Madhabahu

Tangu ipitishwe kwamba mashine ndiyo isome mabaki ya kale, na isomavyo ndivyo sheria, Aperit, mfugaji wa mbuzi, alikuwa akiicheka tu. Safari hii ilikuwa imesoma kijiji cha miaka elfu tisa kilichofukuliwa jangwani. Ilikuta duara la mawe lenye mlango mwembamba na jiwe bapa la kuuziba, ikatangaza: madhabahu ya kafara.

"Madhabahu!" Aperit alitema mate. "Hilo ni zizi la watoto wa mbuzi. Mlango mwembamba ili mama zao wasiingie, wakanyonywa maziwa yote. Jiwe ni la kumzuia bweha. Langu hilo hapo, nimelijenga kwa mikono hii. Chuma kisichojua harufu ya mkojo wa mbuzi kitanifundisha nini?"

Lobolia, mtoto wa dada yake, sasa mwajiriwa wa serikali wa kusimamia mila, hakucheka. Alikuwa ameshika karatasi.

"Mama, lako linafanana na lile, kwa hiyo nalo ni madhabahu. Na sheria inataka mila idumishwe."

"Yaani nichinje? Haya, mchukueni yule mwenye mguu mbovu, mle mshibe, mwende zenu."

"Ndani ya lile duara kulikutwa mifupa midogo."

"Ya watoto wa mbuzi waliokufa kwa kuhara, mjinga we!"

"Mashine bado inaisoma, Mama. Haijaamua ni ya mnyama au ya nani."

Aperit alifungua kinywa amtukane tena. Nyuma yake, binti yake alikuwa ameshamwinua mwanawe mchanga, anamfunga mgongoni kwa mafundo mawili.