Sindano Ndani ya Mto

Hebu nitegulieni hiki, wajukuu: kina jicho moja na hakioni, lakini ukikikalia utaruka. Ni sindano!

Mshonaji mmoja alikuwa amepoteza yake ndani ya mito aliyoshonea darasa la kutafakari la Kizen, lile la kuketi tuli bila kutikisika. Aliketi nyuma, roho juu, akingoja kuona nani ataruka.

Wanafunzi walihangaika, huyu akikunja mguu, yule akipanga mto juu ya mto. "Magoti haya yana kesi na mimi!" mmoja alinong'ona. Dereva wa basi peke yake, mume wa mshonaji, alitulia tuli.

"Mwigeni dereva," mwalimu alisifu. "Amepata mkao."

Mshonaji akatazama. Mguu wa kulia wa mumewe ulilalia ukingo wa mto, na sindano ilikuwa imezama nusu kifundoni. Tone la damu lilikuwa likiteremka polepole.

Asubuhi ile kandambili ilikuwa imemchomoka ngazini, naye akaendelea kutembea bila kujua. "Baba watoto, mguu una nini?" mkewe alimwuliza. Alicheka tu.

Sasa mshonaji alitambaa hadi kwake, akaichomoa sindano, akamwonyesha. Mumewe hakushtuka.

"Mguu huu siusikii, mama watoto," alisema. "Na ndio wa breki."