Kosa Moja la Hiza

Mume wangu Hiza alifariki miaka kumi na miwili iliyopita, na jana alimpiga bondia Mpanama aliyezaliwa miaka mia moja kabla yake. Na kuna waliosema ngumi za Tanga ni za mitaani! Siku hizi mashine huwafufua mabondia wote wa uzani wa welta kutoka kwenye mikanda ya video ya mapambano yao na kuwapiganisha, na orodha inayotoka ndiyo orodha ya dunia. Ili enzi zilingane, familia ya kila bondia wa zamani huruhusiwa kumsahihishia kosa moja.

"Mama, baba alikuwa na kosa gani?" aliniuliza binti yetu, Zamoyoni.

Tanga nzima inalijua. Kila raundi Hiza aligeuza macho kunitafuta mstari wa tatu wa viti, kuona kama bado nimekaa. Ndivyo alivyoangushwa Morogoro.

"Waambie waliondoe," nikasema.

Tangu hapo hajapoteza pambano. Jana sebule ilifurika, majirani mpaka dirishani, na pilau nilipika ya watu arobaini. Raundi ya tisa Mpanama alikwenda chini, na Hiza akapanda namba moja wa enzi zote. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nani mwingine hapa Makorora ana mume kama huyo?

Watu walipoondoka nilirudisha pambano mwanzo. Mashine imeniweka palepale mstari wa tatu, msichana mwenye gauni la njano, nimekaa sijainuka.

Raundi zote tisa, Hiza hakunitazama hata mara moja.