Chumba cha Sindano za Uso

Muuza mkaa alijitanda mtandio mpaka puani, akaketi ukingoni mwa kiti, mikono ameificha kwapani. Kiti kilikuwa cheupe. Ukuta mweupe, sakafu nyeupe, hata viatu vya muuguzi vyeupe. Alikuwa amenawa mara tatu kabla ya kutoka nyumbani, lakini miaka thelathini ya kupima mkaa kwa makopo haitoki kwa sabuni.

Viti vitatu mbele yake alikaa mke wa mwanawe, amempa mgongo, hana habari kwamba amefuatwa.

"Bibi, na wewe umekuja kurudisha usichana?" muuguzi alimtania kwa sauti ya chini.

"Usichana wangu niliuchoka mwenyewe, mwanangu. Nimemsindikiza mtu."

Hakusema nani. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamke mmoja mara mbili: huku paji la uso limekunjamana, huku limenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Kumbe fundi cherehani hakusema uongo. Jana tu alikuja kununua mkaa, akamnong'oneza: "Shoga, mkweo nimemwona anaingia pale wanapochoma watu sindano za uso. Na kesho anarudi, nimemsikia kwa masikio yangu."

Uso wa miaka ishirini na sita una mkunjo gani wa kunyoosha? Muuza mkaa alijiuliza, akajijibu: ni maringo tu. Maringo yale yale ya siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza, mwanawe alipomleta nyumbani, muuza mkaa alitoka mbio bandani, kicheko mdomoni, mkono ameunyoosha. Msichana akautazama ule mkono, akarudi nyuma hatua moja. Akapiga magoti, "Shikamoo, mama," mikono yake ikiwa nyuma ya mgongo. Majirani walikuwapo. Mkono ulibaki hewani mpaka mwenyewe akaurudisha, akaufuta kwenye gauni kana kwamba alikusudia kuufuta tangu mwanzo.

Mwaka na nusu sasa. Adabu anayo, huwezi kumsema. Lakini chai anakuletea kwenye sinia, hakukabidhi kikombe. Kila kitu anakishika kwa leso. Hata mlango wa muuza mkaa anaufungua kwa leso, kisha anaikunja, anaitia mkobani, anatoa nyingine. Kila leso ikitoka, mama wa watu anatamani ardhi ipasuke immeze. Siku hizi akienda kwa mwanawe anaikalia mikono yake, kama mtoto aliyekatazwa kugusa vitu vya watu.

Alimuuliza mwanawe mara moja tu. "Mkeo ananiona mchafu?"

"Hata kidogo, mama." Kijana akainamisha kichwa. "Hilo mwachie mwenyewe. Ipo siku atakwambia."

Kumwambia nini tena, na yeye ameshaona?

Mke wa mwanawe akaitwa. Aliinuka upesi, akauma mdomo, akaingia. Mlango haukufungika vizuri.

"Watu wanadhani dawa hii ni ya mikunjo tu," muuguzi aliendelea, maana foleni ilikuwa fupi na yeye alipenda maneno. "Asubuhi nilikuwa na babu, jicho linajifumba lenyewe hata haoni njia. Juzi mama wa kipandauso. Wakichomwa wanapumzika miezi minne, mitano, halafu wanarudi."

"Huyu wangu macho yake mazima," alisema muuza mkaa. "Na kichwa hakimuumi. Kimemvimba tu."

Muuguzi akacheka. Yeye hakucheka. Alitoa simu, akabonyeza pa kurekodi sauti, akaisogeza mdomoni.

"Mwanangu, nipo hapa kwenye sindano za uso, mkeo yupo ndani. Anayeogopa uchafu wangu asihangaike tena. Jumapili msije. Na Jumapili nyingine msije. Wewe sikukatai, nimekuzaa. Lakini huyo asikanyage tena kwangu."

Akatuma. Haikupita dakika, mwanawe akapiga. Akaikata. Akapiga tena. Akaizima simu kabisa.

Kutoka ndani ilisikika sauti ya mtu anayeumia na kujizuia. Aibu yote ya mwaka na nusu ya muuza mkaa ikageuka hasira. Leo angemwambia usoni, uso huo huo anaounyoosha. Akasimama, akafika mlangoni, akausukuma.

Hakuna aliyegeuka. Daktari hakuwa hata karibu na uso wa yule binti. Alikuwa ameinamia viganja viwili vya binti, vilivyolazwa wazi juu ya meza, vimejaa nukta za wino. Sindano ilitoka nukta moja ikaingia nyingine, na maji yalikuwa yakichuruzika kati ya vidole, tone kwa tone, mpaka taulo lililotandikwa chini yake limelowa.

"Vumilia, zimebaki ishirini," alisema daktari.

"Wewe choma tu, daktari. Ila niambie kweli, hili jasho litakuwa limekauka Jumapili? Nataka nimpe mama mkwe mkono."