Kinachokula Chaji

Bi Mwantumu alikuwa amekuwa mzito. Ukimwomba chumvi, inafika wali umeshapoa. Kama wazee wote waliotimiza sitini, akili yake yote ya tangu ujana ilihamishiwa kwenye simu iliyopandikizwa kisogoni, na ruhusa ya kuifungua, kama ilivyo ada, alikabidhiwa mwanawe wa pekee, Mhina, mtu wa miaka arobaini na moja.

Mhina akamwita fundi Kilua nyumbani. Fundi akairuti ile simu, akavunja kufuli zake zote, akaingia hadi ndani kabisa, ambako mama mwenyewe haruhusiwi kufika.

"Kuna kitu kinakula chaji," alisema. "Kimewaka miaka arobaini na moja, hakijazimwa hata dakika."

"Kinafanya kazi gani?"

"Hakina jina. Kwa kupika na kufua, hakihitajiki."

Bi Mwantumu akamshika mwanawe mkono. "Baba, hicho niachie."

"Tulia, mama, haiumi," Mhina akasema, akajinasua. "Fundi, kitoe. Nimechoka kungoja chumvi."

Kesho yake saa sita kamili chakula kilikuwa mezani, kinafuka moshi, na chumvi pembeni. Mhina akala kwa pupa, hadi mwiba wa samaki ukamkwama kooni. Akakohoa, akapiga meza, macho yakamtoka, akamnyooshea mama yake mkono.

Bi Mwantumu alikuwa amesimama karibu yake, kitambaa cha meza mkononi. Alimtazama bila haraka.

"Kama umeshiba," alisema, "nitoe sahani."