Alama ya Kutoa Mbele ya Mabano

Darasa zima lilikuwa likinakili masahihisho kutoka ubaoni pale Sufuri alipoweka kalamu chini. Jina hilo wenzake walimbandika baada ya mtihani wa majaribio, na kwa alama alizopata, hakuwa na la kujitetea.

"Mbona huandiki?" mwalimu wa hesabu aliuliza.

"Muhula uliopita niliandika yote, mwalimu. Yakalala daftarini, nami nikafeli vilevile."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Sasa unataka nikutafunie?"

Sufuri akainuka, akaenda ubaoni, akalifuta jibu lote kwa kiganja, akabakiza swali tupu. Mkono ukawa mweupe kama wa mtu anayekanda unga. Nyuma yake waliokuwa hawajamaliza kunakili wakapiga kelele.

"Binti, una wazimu?" mwalimu akauliza.

"Naomba chaki, mwalimu."

Mwalimu akampa kipande kilichokuwa vidoleni mwake.

Sufuri akaandika mstari mmoja, kisha wa pili, akafika kwenye alama ya kutoa iliyosimama mbele ya mabano. Akasita. Hapo ndipo alipoangukia kila mtihani: anafungua mabano, anageuza alama ya kwanza, ya pili anaisahau.

"Weka jumlisha!" mmoja akamnong'oneza kutoka dawati la mbele.

"Funga mdomo wako," Sufuri alisema bila kugeuka. "Niache nikosee hapa, kule mtihanini nisikosee."

Chaki ikagusa ubao.